Sijui na Sijajua: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutoroka: karibuni, mikeka ipo huku mbele.

Nianze na jambo ambalo huenda likawaudhi walionialika. Tangazo limesema tutabadilisha fikra leo. Fikra haiamrishiki. Mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya deni, ukimwambia "waza mazuri" umemzidishia mzigo: deni liko palepale, na juu yake sasa ana lawama ya kushindwa kuwaza mazuri. Akili ina tabia ya kadhi. Haigeuzi hukumu mpaka iletewe ushahidi mpya, na ushahidi huo hupatikana kwa kutenda jambo dogo kisha kuangalia limezaa nini.

Kabla ya kutenda, tuusikilize ulimi. Kiswahili kinatenganisha "sijui" na "sijajua", "siwezi" na "sijaweza". Ni silabi moja tu, lakini "siwezi" ni mlango uliotiwa komeo, na "sijaweza" ni mlango uliorudishwa tu. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, amesimulia habari ya shule moja ya Chicago ambako mwanafunzi asiyefikia kiwango hakuandikiwa kwamba amefeli, aliandikiwa "bado". Wao wamelazimika kulitafutia neno, sisi tumelikuta limeshonewa ndani ya kitenzi.

Mtoto akirudi chuoni akasema "sijui kusoma sura hii", usikimbilie kumwambia yeye ni hodari. Anajua kuwa hapo hakuwa hodari, na atakuona huna habari. Mrudishie maneno yake: "Hujajua. Umekwama aya gani?" Swali hilo la pili ndilo lenye kazi. Bila hilo, "bado" inakuwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia fundi "taratibu" huku mlango ukitoka upogo.

Na tusitie chumvi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani, wanafunzi wapatao 12,000, waliopewa somo la chini ya saa moja kwamba akili hukua kwa mazoezi. Waliokuwa na alama za chini walipanda kwa wastani wa 0.1 katika kipimo ambacho A ni 4. Ni kidogo, ingawa kwa somo fupi hivyo si haba. Tena somo lilizaa zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao waliona ni sawa mtu kujitosa kwenye kazi ngumu. Kijana anayejifunza hesabu huku maskani nzima inamcheka hana tatizo la fikra peke yake.

Kuna umbo jingine la kitenzi la kuchunga, hili la "hu". "Mimi huharibu kila kitu." Ukimbana mtu akuhesabie, utakuta ameharibu mara mbili, na moja ilikuwa mwaka juzi. Miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck wa Philadelphia aligundua kwamba wagonjwa wake hupitiwa na sentensi fupi za aina hii, upesi mno, kabla tu ya huzuni kuwashika, na huzipokea kama habari iliyothibitishwa. Matibabu aliyoyajenga yalianza hapo: kuikamata sentensi na kuihoji.

Utaikamataje? Kwa daftari la kawaida la kurasa 32 na penseli. Simu iacheni, ina wageni wengi. Piga mistari miwili ukurasa upate safu tatu. Ya kwanza, tukio, kwa maneno ambayo hata jirani aliyekuwapo angeyakubali: "Saa mbili asubuhi, mteja amechukua mahamri sita, hakulipa." Ya pili, ulichojiambia, vilevile kilivyokuja. Kama kimekuja kwa Kiamu, kiandike kwa Kiamu. Ukikisanifisha utakisafisha, na uchafu wake ndio tunaoutaka. Pembeni tia nambari kati ya 0 na 100: unakiamini kiasi gani? Ya tatu iache tupu. Andika ndani ya saa moja tangu tukio litokee. Ukingoja usiku utaandika hadithi.

Tuchukue huyohuyo muuza mahamri, wa kubuni, lakini mnamjua. Safu ya pili ameandika: "Nikimnyima atanichukia, na jamaa zake wote hawatarudi." Nambari, 90. Wengi hapa wangemsemesha: usiogope, riziki ni ya Mungu. Kweli, lakini nambari haishuki kwa maneno hayo, na kesho atakopesha tena. Afanye jaribio. Achague wateja watatu wanaokopa, lakini si yule mdeni sugu mwenye makelele. Huyo ni wa mwezi ujao. Aitunge sentensi moja mapema, aitamke kwa sauti nyumbani mara tano: "Mwanangu, wiki hii sikopeshi. Nikupe ya pesa uliyo nayo?" Kisha, kabla ya kuitumia, aandike anachotabiri, kwa kitu kinachohesabika: kati ya watatu, wangapi hawatarudi katika siku saba?

Utabiri huu usipoandikwa, jaribio lote limeharibika. Moyo ni mjanja. Aliyetabiri kwamba wote watatu watapotea, wakirudi wawili atajiambia "nilijua", na imani yake itabaki 90 kana kwamba hakuna kilichotokea. Karatasi ndiyo inayomsuta. Kosa la pili ni kuuhesabu uso: "Amerudi, lakini alinuna." Kununa hakumo katika utabiri, tulihesabu kurudi. Akitaka kujua kuhusu kununa, hilo ni jaribio la wiki nyingine. Kosa la tatu ni kufidia. Anakataa kukopesha, halafu kwa haya anaongeza andazi la bure. Mteja akirudi, amerudi kwa sentensi au kwa andazi? Hatujui, na wiki imepotea.

Siku ya nane ndipo anapojaza safu ya tatu: walirudi wawili, mmoja hakuonekana. Nambari mpya, pengine 50. Msitarajie sifuri. Kutoka 90 hadi 50 kunatosha kumfanya mtu aitamke sentensi ileile kwa mteja wa nne bila mikono kutetemeka.

Na ikiwa wote watatu hawakurudi? Basi alichokiwaza kilikuwa kweli, na lililo mbele yake ni shida ya kutatuliwa. Fikra haina kosa. Watu wa semina hawapendi kulisema hili. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka, mwenye mtumbwi asipotoka akakosa kitoweo, hana kasoro ya mtazamo. Kumwambia abadilishe fikra ni utovu wa adabu.

Kwa shida za namna hiyo kuna mfano wa karibu na tabia zetu kuliko mnavyodhani. Harare, mtaa wa Mbare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 wa mtaani, wakafundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Ugonjwa unaowaleta watu pale, Washona wa Zimbabwe huuita "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, walikuwa takriban 14 kwa kila 100 miongoni mwa waliopita kwenye benchi, na karibu 50 kwa kila 100 miongoni mwa waliopewa huduma ya kawaida.

Sisi benchi tunayo, ya jiwe, katika kila daka la mji huu. Tofauti ni kinachofanyika pale. Baraza letu hupokea malalamiko, hutia kahawa, husema pole, na mtu huondoka na shida yake kama alivyokuja. Kwa akina nyanya wale, mtu hutaja shida zake zote, huchagua moja tu, ndogo inayogusika, na haondoki mpaka ameamua hatua ya kuifanya kabla ya kikao kijacho. Vikao ni hadi sita. Jaribuni dakani kwenu: mwenzako akimaliza kueleza, muulize, "Katika hayo, lipi tunaweza kuligusa kabla ya Ijumaa?" Atakaa kimya. Mwacheni akae kimya, msimjazie jibu.

Sasa mazoea, kwa kifupi. Siku 21 zinazotajwa mitandaoni ziacheni. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na zoea moja jipya la kila siku. Kwa wastani zoea lilihitaji siku 66 kujiendea lenyewe. Wa upesi, siku 18, na wa mbali kabisa walikadiriwa siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayeacha daftari siku ya ishirini na mbili akidhani ameshindwa hajafika hata nusu ya wastani. Na zoea lifungeni kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya. "Nitaandika usiku" haishiki. "Nikishakunja msala baada ya Isha, nafungua daftari" inashika, kwa sababu mkono unajua unatoka wapi kwenda wapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi mipango ya aina hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", na hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu.

Moja la mwisho, nalo halina mzaha. Huzuni iliyokaa wiki mbili mfululizo, usingizi umekatika, chakula hakipiti, kazi uliyoipenda haikuvuti tena: hiyo si ya daftari, nendeni hospitali. Na anayewaza kujitoa roho asingoje hata siku moja, wala asiachwe peke yake. Hofu ya polisi iliwafunga watu mdomo muda mrefu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria inayolifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba. Basi mleteni mgonjwa wenu.

Penseli zimo ndani ya kikapu, zinapitishwa. Kabla ya maswali, kila mtu aandike sentensi moja aliyojiambia tangu alfajiri, na nambari pembeni yake. Dakika tatu. Mama wa buibui pale nguzoni, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja mahamri, utaanza wewe.