Usikilize Nini, Wapi na Vipi: Redio na Podikasti za Nairobi

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika jioni ya katikati ya wiki, na barabara zetu mnazijua.

Nimeombwa nitaje vipindi ninavyovipenda. Nitavitaja, ila kwanza niseme navichagua vipi, maana orodha ya mtu mwingine haikufai usipojua alichokuwa akikitafuta. Nina kigezo kimoja: kipindi cha kusikiliza kieleweke na mtu ambaye macho na mikono yake iko kazini. Anafua, anashona, au amening'inia mlangoni mwa matatu ya Rongai. Makanga akidai nauli, sentensi mbili zitampita. Je, kipindi kitamrudisha njiani, au kitamwacha hapo hapo?

Mtangazaji aliyefunzwa redio hurudia jina la mgeni na mada kila baada ya dakika chache, kwa sababu anajua kuna msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi. Podikasti nyingi za hapa kwetu huanguka hapo. Watu watatu wenye sauti zinazofanana wanacheka wee, dakika ya sita ndipo mada inatajwa. Mimi nazipa dakika tatu. Zikipita sijajua ni nani anazungumza na kuhusu nini, nafunga.

Kama mnataka kusikia kigezo hicho kikitimizwa, anzeni na mkongwe. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyetuaga Februari 2025, alianzisha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, enzi za Sauti ya Kenya, ambayo leo ni KBC. Vipande vyake vipo mtandaoni. Visikilizeni kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Anachukua tabia moja tu. Tuseme ni mgeni anayepiga hodi kila sahani zinapowekwa mezani. Anaieleza kwa vitu vinavyoshikika: mlango, sahani, watoto wanaotazamana. Halafu anakuuliza swali lile lile lililo kwenye jina la kipindi, na jibu anakuachia. Aliyechelewa kufungua redio halazimiki kuuliza kilichompita, kwa sababu swali limebeba kipindi kizima. Hakuna muziki unaogombana na sauti yake, na hasemi kwa haraka. Mtu anayetaka kuanzisha podikasti ya Kiswahili angefaa asikilize hivi kabla ya kununua maikrofoni.

Sasa redio za leo. Radio Taifa ya KBC iko 92.9 hapa Nairobi, Radio Citizen 106.7, Radio Maisha 102.7, Radio Jambo 97.5. Kwa taarifa ya habari iliyosomwa kwa Kiswahili kilichonyooka, mimi nakwenda Taifa. Kwa gumzo la asubuhi, Gidi na Ghost wa Radio Jambo wana jambo moja ambalo wengine hukosa: sauti mbili ambazo huwezi kuzichanganya, ya Gidi wa kundi la muziki la GidiGidi MajiMaji na ya Ghost Mulee, kocha aliyeipeleka Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, kwenye Kombe la Afrika 2004. Patanisho yao, ambapo msikilizaji anaomba apatanishwe na mpenzi au ndugu waliyekosana, ni darasa zuri la Kiswahili cha Kenya kinavyosemwa mtu akiwa na hasira. Ila sikilizeni kwa kiasi. Ugomvi wa watu nao huchosha.

Jumamosi ni ya Roga Roga, kipindi ambacho Fred Obachi Machokaa amekijengea jina pale Radio Citizen. Rumba ya Kongo, na maelezo ya nani alipiga gitaa lipi na bendi gani. Hiki kisikilizeni moja kwa moja, msisubiri podikasti. Haki za muziki za kutangaza redioni si zile za kuweka wimbo mtandaoni ili upakuliwe, ndiyo maana vipindi vya muziki vikigeuzwa podikasti mara nyingi nyimbo hukatwa, na unabaki na mtangazaji anayesifu wimbo usiousikia.

Kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, kuna Ghetto Radio, 89.5. Na kuna 99.9, ambayo watu wengi huipita bila kujua ina nini. Masafa hayo yametengewa redio za kijamii zenye mitambo ya nguvu ndogo, kwa hiyo ukiwa Kibera unapata Pamoja FM, ukifika Korogocho namba ile ile inakupa Koch FM. Redio ya FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulizima lile dhaifu, kwa hiyo ukitoka mtaa mmoja kwenda mwingine stesheni hubadilika ghafla katikati ya sentensi. Redio yako haijaharibika. Na ukitaka kujua maji yamekatika wapi au mtoto wa nani amepotea, hapo ndipo pa kusikiliza.

Kuhusu chombo chenyewe, kwa ufupi. Kwenye simu, waya wa hedifoni ndio antena. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, na antena inayofaa ni robo yake, yaani sentimita 75 hivi. Ukiukunja waya na kuufunga fundo mfukoni umeipunguza antena, na hedifoni za Bluetooth peke yake hazisaidii kwa sababu hazina waya. Katikati ya jiji wimbi hugonga majengo na kukufikia mara mbili, la pili likiwa limechelewa kidogo, na sauti inakwaruza. Sogea hatua moja tu. Mara nyingi hiyo hutosha. Redio yenye kitufe cha stereo na mono, weka mono, mkwaruzo utapungua. Na chaja ya bei ya chini ikiwa kwenye soketi karibu na redio huleta mvumo, kwa hiyo chomoa kwanza kabla ya kumlaumu mtangazaji.

Mpira msikilizeni kwenye FM. Mtandaoni matangazo huchelewa, pengine kwa nusu dakika au zaidi, na jirani atapiga kelele ya bao wakati wewe bado unasikia kona ikipigwa.

Tuje kwenye idhaa za ng'ambo, ambazo vijana huziona za wazee. BBC ya Uingereza ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 1957, Deutsche Welle ya Ujerumani Februari 1963, na RFI Kiswahili, ya Ufaransa, ilizinduliwa 2010. Sifa yao kwetu sisi wasikilizaji ni kwamba huvipanga vipindi kwa mada. RFI wana Gurudumu la Uchumi, Siha Njema, Wimbi la Siasa, Jukwaa la Michezo. Kila kimoja kina kazi moja na jina linalokuambia kazi hiyo. Mimi nawapendekezea Siha Njema, hasa mwenye mgonjwa nyumbani, kwa sababu daktari anayehojiwa hulazimika kueleza ugonjwa kwa Kiswahili, na hayo ndiyo maneno utakayoyahitaji ukimweleza bibi.

Deutsche Welle wana Noa Bongo, michezo ya kuigiza ya redio yenye sehemu fupi za kama dakika kumi. Hapa nina onyo. Programu nyingi za podikasti zina mpangilio wa kuruka kimya na wa kuongeza kasi. Kwenye mazungumzo, kasi ya 1.25 haina neno. Kwenye mchezo wa kuigiza, zima vyote viwili. Mlango umefunguliwa, kimya, kisha mwanamke anasema, "Umerudi." Programu ikiufuta ukimya ule, tukio limekufa, nawe utadhani waigizaji ndio wabovu.

Walimu wa Kiswahili mlio hapa, Habari za UN, matangazo ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, ziwekeni kwenye simu zenu. Mna kipengele cha kuchambua neno au methali, na wataalamu wa mabaraza ya Kiswahili kama BAKITA la Tanzania hualikwa kukieleza. Ni kifupi. Kinatosha kufungulia somo, na hakiwezi kula kipindi cha dakika arobaini.

Podikasti za kwetu sasa. Ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua Until Everyone Is Free. Jina ni la Kiingereza, simulizi ni ya Sheng, na mada ni Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Nyingi za simulizi za historia yetu huandikwa kwa lugha ya ofisini. Hii inaeleza ardhi, vyama vya wafanyakazi na siasa za miaka ya kwanza ya uhuru kwa lugha ya kijana wa Mathare, na hailegezi hoja hata kidogo. Sikilizeni kutoka sehemu ya kwanza, kwa kasi ya kawaida, hata kama Sheng ni yenu ya kuzaliwa. Hoja zimefuatana, ukianzia katikati utasikia majina tu.

Kwa mahojiano, Salama Na ya Salama Jabir kutoka Tanzania. Anauliza swali fupi kisha ananyamaza, jambo gumu kuliko linavyoonekana. Legally Clueless ya Adelle Onyango imejaa Kiingereza, lakini sehemu ambapo watu wa kawaida husimulia maisha yao wenyewe inafaa sana kwa safari ya usiku. Mpenda hadithi fupi ajaribu Nipe Story ya Kevin Mwachiro, ingawa nyingi humo zinasomwa kwa Kiingereza.

Bando. Hesabu ni rahisi: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 14 kwa nusu saa, ya kilobiti 128 hula karibu 29. Mahojiano yale yale ukiyatazama kama video utalipa mara nyingi zaidi, na pengine simu iko mfukoni hutazami chochote. Tumieni programu kama AntennaPod, ambayo ni ya bure na haina matangazo yake, iruhusuni ipakue ikiwa kwenye Wi-Fi tu, na iwekeeni kikomo cha sehemu chache kwa kila kipindi. Msipoweka kikomo, podikasti ya kila siku itajaza simu kimyakimya, na mtakapotaka kupiga picha mtaambiwa nafasi imekwisha.

Kuna karatasi hapa inauliza: mama yuko kijijini, ana kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, hana intaneti, afanyeje? Swali zuri. Nunua kadi ndogo ya kumbukumbu ya GB 8 na uifomati ndani ya simu yake mwenyewe, kwa sababu kabambe nyingine hukataa kadi iliyofomatiwa kwenye kompyuta. Faili za MP3 pakua kwenye kurasa za Deutsche Welle au UN, si ndani ya programu ya podikasti, ambayo huzificha mahali pagumu kufikika. Kisha uzipe majina yanayoanza na namba mbili: 01, 02, 03, mpaka mwisho. Ukiandika 1, 2, 3, simu nyingi zitaicheza ya 10 kabla ya 2, na mama atasikia mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo. Kadi hiyo kwa kilobiti 64 inabeba zaidi ya saa 250. Usiijaze mara ya kwanza. Weka faili ishirini, na umwombe akuambie alizozirudia.