Wasifu wa Mlinzi Binafsi: Siri Huanzia Kwenye Karatasi

Ndugu zangu, vijana mliomaliza mafunzo juzi na wenzangu mliotoka polisi na jeshini, karibuni. Nimeombwa nizungumzie uandishi wa CV ya kazi ya ubodigadi. Naanza na lile ambalo wengi hulikosea, maana likiharibika hilo, vyeti vyote haviokoi.

Anayeajiri mlinzi wake anatafuta mtu wa kumwachia siri za nyumba: anatoka saa ngapi, watoto wanasoma wapi, anatumia dawa gani. Wewe unamletea faili lenye picha yako nyuma ya bosi wa zamani, langoni kwake, nambari ya gari inasomeka. Wewe umeona uzoefu. Yeye ameona kwamba mwakani picha ya lango lake itakuwa mezani kwa mtu mwingine. Kazi umeikosa hapohapo, na ni haki uikose.

Kwa hiyo jina la mteja lisiingie bila ruhusa yake. Andika hivi: “Mlinzi wa karibu wa mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji, 2021 hadi 2024. Nilipanga safari za barabara Mombasa, Nairobi na Kisumu, nilikagua hoteli na kumbi kabla hajafika, niliendesha gari la pili.” Msomaji ameshajua ulichofanya, na hajui ulimfanyia nani. Kwa wadhamini, waombe kwanza. Mdhamini akikataa kutajwa, andika kwamba jina litatolewa kwa idhini yake baada ya mahojiano. Waajiri wa kazi hii wanaielewa lugha hiyo.

Maneno kama “jasiri, mwenye nguvu, niko tayari kufa kwa ajili ya bosi” yafuteni. Mlinzi mzuri hupanga mambo ili pasifike mahali pa mtu kufa. Picha za bunduki nazo zitoeni, kwenye faili na kwenye simu zenu pia, kwa sababu mwajiri atatafuta jina lako mtandaoni kabla hajakupigia.

Karatasi zenyewe nitazipitia haraka. Hapa Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016 ndiyo iliyoleta PSRA, mamlaka inayosimamia ulinzi binafsi, na mlinzi anatakiwa awe amesajiliwa nayo. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinaombwa kupitia eCitizen, kisha unapigwa alama za vidole. Kisiwe cha zamani. Leseni ya udereva, cheti cha huduma ya kwanza, na kwa waliotumikia jeshi, cheti cha utumishi. Kama kuna miaka hukuwa kazini, sema ulikuwa wapi. Pengo lisiloelezwa, katika kazi hii, linatia shaka kuliko kufukuzwa.

Huduma ya kwanza iwekeni juu, juu ya karate. Bosi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzimia mezani au kupata ajali barabarani kuliko kuvamiwa. Andika ulichofundishwa hasa: kuzuia damu inayotoka kwa kasi, kufufua moyo, kumtoa mtu kitu kilichomkwama kooni.

Sasa faili la kazi, yaani mifano ya kazi yako unayoambatanisha na CV, na hapa ndipo nataka mtoe jasho. Msiweke mpango wa safari ya mteja wa kweli, hata wa zamani. Tungeni wa mazoezi. Chukua mgeni wa kubuni anayeshuka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, analala Nyali. Njia inapita Changamwe, Makupa, kisiwani, kisha daraja la Nyali. Daraja hilo ndilo linalokutoa kisiwani kwenda kaskazini kwa gari. Likifungwa, mgeni unamweka wapi? Akiugua ukiwa kisiwani, je, ni Hospitali Kuu ya Pwani au Aga Khan, na mlango wa dharura uko upande gani? Nenda ukauangalie kwa macho yako, saa ileile ya msongamano. Kurasa mbili za namna hiyo, na mchoro uliouchora mwenyewe, zinaonyesha unavyofikiri. Juu yake andika wazi kwamba ni zoezi.

Wanaotazama nje wajue kila nchi ina utaratibu wake. Dubai leseni ya ulinzi iko chini ya SIRA, mamlaka ya huko ya kazi za ulinzi. Uingereza, anayelinda watu kwa mkataba anahitaji leseni ya ulinzi wa karibu kutoka SIA, mamlaka ya huko ya kazi za ulinzi, ya miaka mitatu, na CV ya huko haina picha, dini wala habari za ndoa. Waajiri wengi wa Ghuba, kinyume chake, huulizia picha na urefu wako. Usitume karatasi moja kote. Na wakala anayekudai pasipoti halisi kabla ya mkataba, ondoka kwake.

CV yenyewe isizidi kurasa mbili. Mliokuja na zenu, zileteni hapa mezani. Tutaanza kwa kufuta majina ya wateja, kisha tusome kilichobaki.