Kampuni Ikiuzwa Ng'ambo, Kodi Inalipwa Wapi?

Ndugu wanafunzi, habari za jioni.

Wengi wenu mmekua mkiiona Airtel. Wazazi wenu walianza na Celtel, vibanda vya vocha vikaja kupakwa rangi za Zain, kisha vikapakwa nyekundu. Namba ikabaki ileile na minara ileile. Aliyebadilika ni mwenye mali.

Celtel ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan. Mwaka 2005 Wakuwaiti, ambao kampuni yao ilikuja kuitwa Zain, wakainunua kwa dola bilioni 3.4. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikachukua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Zile enzi za kudhani mwekezaji mkubwa lazima atoke London au Paris zimepita. Na huyu hakuja kukata utepe wa kiwanda kipya, alinunua kilichokwisha kujengwa.

Hapa naomba tukae kidogo. Zilizouzwa ni hisa za Zain Africa BV, kampuni iliyosajiliwa Uholanzi na kuzimiliki kampuni tanzu za huku kwetu. Karatasi zikasainiwa ng'ambo, minara ya Uganda ikapata bwana mwingine.

Mamlaka ya Mapato Uganda ikadai kodi ya takriban dola milioni 85 kwenye faida ya mauzo hayo. Muuzaji, kampuni ya Zain iliyosajiliwa Uholanzi, akapinga: mimi ni wa Uholanzi, nimeuza hisa za Uholanzi, Uganda inanidai nini? Mwaka 2011 Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, ikasema mamlaka inayo nguvu ya kumkadiria kodi hata asiye mkazi.

Tanzania ilirekebisha Sheria ya Kodi ya Mapato mwaka 2012. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, hata kama mauzo yamefanyika ngazi za juu, kwenye kampuni mama huko nje, kampuni ya hapa inahesabiwa kuwa imeuza mali zake, na inadaiwa yenyewe. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, maana inamshika aliyepo badala ya kumfukuzia aliyeondoka.

Wawekezaji hulalamika kwamba mzigo unamwangukia mnunuzi, maana kampuni inayodaiwa sasa ni yake, ilhali faida amekula muuzaji. Ni kweli, unamwangukia. Lakini mnunuzi ana wanasheria, ana wahasibu, na sheria ameisoma kabla ya kusaini. Kodi hiyo aikate kwenye bei.