Mmeniuliza tena: ukimaliza kukimbia chuoni Marekani, unabaki na nini?

Chamgei watu wa Nandi na Elgeyo, na wengine wote habari zenu, karibuni. Leo sionyeshi supamaketi wala theluji, hiyo mmeshaiona mpaka mmechoka. Nimekaa hapa kujibu swali ambalo kila nikiweka video linarudi. "Dada, ukishaacha kukimbia, chuo kinakufanyia nini?" Mwingine anauliza, "Ukiumia mguu wanakurudisha Eldoret?" Na kuna yule wa juzi, hana hata picha kwenye akaunti yake: "Wewe ulienda kukimbia, medali iko wapi? Sasa unakaa ofisini unatufundisha maisha."

Nianze na huyo. Medali sina. Nilikimbia mbio za nyika na mita 10,000, nikaisaidia timu kupata pointi, nikamaliza digrii ya takwimu. Sasa nafanya kazi katika chuo kingine, kwenye ofisi inayowasaidia wanamichezo kwa mambo ya nje ya uwanja: masomo, kazi, pesa, na kichwa kutulia. Nikiyasema hayo mtasema najisifu. Nikisema kulikuwa na shida, mtasema analia na yuko Marekani. Basi chagueni, mimi nitaongea tu. Na haya ni maoni yangu, sio ya mwajiri wangu. Nina viza ya kulinda, jamani.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachonunuliwa. Chuo hakikupi ufadhili kwa sababu kinakupenda. Kinataka miguu yako kwa miaka minne, mitano hivi, na badala yake kinakulipia masomo. Biashara hiyo si mbaya, mradi uchukue haki yako yote. NCAA wenyewe, wanaosimamia michezo ya vyuo, wanasema katika kila wanamichezo 100 wa vyuo hawafiki wawili wanaoendelea kuwa wa kulipwa. Najua mtaniambia sisi ni Wakenya, kwetu ni tofauti. Ni tofauti kidogo, sikatai. Lakini nenda Iten, mji wetu wa wakimbiaji, asubuhi uone ni wangapi wako barabarani, halafu uniambie ni wangapi wanaitwa kwenye marathoni ya Boston.

Wale walioshika vyote viwili, mbio na masomo, wapo. Mike Boit alipata medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akasoma huku hadi udaktari wa elimu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sally Kipyego alianzia chuo kidogo cha miaka miwili pale Texas, akahamia Texas Tech, akashinda mataji ya vyuo hadi tukapoteza hesabu, na kumbe muda huo wote anasomea uuguzi. Kisha ndipo Olimpiki ya London 2012 akaleta medali ya fedha ya mita 10,000. Uuguzi, jamani! Kozi yenye zamu za hospitalini alfajiri, wakati ule ule ambao kocha anakutaka uwanjani. Kila msichana akiniambia "kocha amesema kozi hiyo haiwezekani," huyo ndiye ninayemtaja.

Na hapo ndipo penye kiini cha video hii, kwa hiyo kama unaruka ruka, simama hapa.

Sheria inasema msimu ukiwa umefunguliwa, mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, na upewe siku moja ya kupumzika. Vizuri. Lakini siku ya mashindano inahesabiwa saa tatu tu, hata kama umekaa uwanjani kutwa. Na safari haihesabiwi kabisa. Unapanda basi Alhamisi, unarudi Jumapili usiku umejikunja kwenye kiti na kitabu usoni, na kwenye karatasi umefanya mazoezi saa chache tu. Halafu Jumatatu kuna mtihani wa hesabu na mwalimu hajui hata jina lako.

Sasa ili uruhusiwe kushindana lazima uwe na krediti, yaani vipimo vya kozi unazosoma, zisizopungua 12 kwa muhula. Kwenye ngazi ya kwanza, ile wanayoiita Division I, lazima pia uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii ukiingia mwaka wa tatu, 60 ukiingia wa nne, 80 ukiingia wa tano. Usipofikisha, hukimbii. Kwa hiyo chuo kina kila sababu ya kukupa msaada wa masomo. Utapewa mwalimu wa ziada bure, utapewa saa za lazima za kujisomea, kuna mtu anafuatilia alama zako kuliko mama yako. Mtu wa nyumbani akiona hivyo anasema, mwanangu ameangukia mikono salama.

Lakini tazama msaada huo unalinda nini. Unalinda wewe kuruhusiwa kukimbia. Hilo si sawa na kukujenga. Njia rahisi ya kumfanya mtoto afikishe hizo asilimia ni kumsukuma kwenye kozi nyepesi ambayo vipindi vyake vinaisha kabla ya mazoezi ya jioni. Hakuna anayekudanganya, hakuna mbaya hapo. Mshauri anaangalia ratiba, kocha anaangalia ratiba, wewe umechoka, unakubali. Unajikuta una digrii ya "masomo ya jumla".

Mmarekani mwenzako akiwa na digrii hiyo, atapata tu kazi, baba yake anamjua mtu. Wewe uko kwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Ukimaliza digrii unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 katika fani uliyosomea. Lakini kama fani yako iko kwenye orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, unaweza kuomba miezi mingine 24 juu yake. Mnaona hesabu hiyo? Kozi moja inakupa mwaka mmoja wa kutafuta maisha, nyingine mitatu. Na uamuzi huo ulifanywa ukiwa mwaka wa kwanza, kwa sababu ya basi la mazoezi la saa tisa mchana. Mimi nilisomea takwimu kwa ukaidi tu, sikuwa nimejua mambo ya viza. Hesabu nilizipenda tangu shule ya upili, nikakataa kuziacha. Kocha alininunia muhula mzima.

Basi swali la kuuliza kabla hujasaini kitu si "mtanipa viatu jozi ngapi." Uliza: katika timu hii, nani anasoma uhandisi? Nani anasoma uuguzi? Kama hakuna hata mmoja, umeshajibiwa.

Jambo la pili ni kiangazi. Wenzako ambao si wanamichezo wanaenda kufanya atachimenti, yaani kazi ya mafunzo, kwenye kampuni. Wewe unabaki kukimbia maili, maana msimu wa nyika unafunguliwa Agosti. Ukifika mwaka wa mwisho wasifu-kazi wako una muda wa mita 10,000 peke yake. Mwajiri wa benki hajui hata kama muda huo ni mzuri. Na kwa mwenye F-1, atachimenti ya nje ya chuo inahitaji idhini, lazima iendane na kozi yako, na kwa kawaida uwe umeshasoma mwaka mzima kwanza. Usianze kazi halafu ukatafuta karatasi baadaye, utajifukuza mwenyewe nchini. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ndivyo nilivyoanza mimi, kwenye maktaba, na mkuu wangu wa pale ndiye aliyeniandikia barua iliyonipa kazi. Kocha hakuniandikia.

Sasa pesa. Najua ndiyo mnayoingojea.

Mnasikia ufadhili wa asilimia mia, mnafikiri hakuna bili. Sehemu ya ada na vitabu haitozwi kodi. Lakini sehemu ya chumba na chakula inahesabiwa ni mapato yako, na mgeni mwenye F-1 hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Tuseme chumba na chakula ni dola 10,000. Hiyo ni dola 1,400, na hujawahi kushika hata moja ya hizo elfu kumi mkononi. Nililetewa bili hiyo kwenye akaunti yangu ya chuo siku ambayo binamu yangu alinitumia ujumbe wa kuomba pesa za pikipiki. Nikacheka peke yangu chumbani. Nikamwambia sina, akaandika kwenye grupu la familia kwamba nimebadilika. Mpaka leo hatuongei vizuri, na pikipiki alinunuliwa na mtu mwingine.

Halafu kuna hii ya kulipwa kwa jina lako. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato. Mnaona vijana wa kandanda ya Kimarekani wana magari, mnaniuliza langu liko wapi. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi ya namna hiyo hapa ovyo ovyo. Mwenzangu wa chumbani alitangaza juisi akalipwa, mimi nikamshikia kamera bure. Usisaini chochote kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na mabadiliko hayo yameleta ukomo wa idadi ya watu kwenye timu katika vyuo vilivyoyakubali. Riadha ya uwanjani ni watu 45 tu. Nafasi zinabanana.

Yule wa mguu, sikukusahau. Kuanzia Agosti 2024 vyuo vya Division I vinatakiwa kuthibitisha vitu fulani: ufadhili usiondolewe kwa sababu ya kuumia, matibabu ya majeraha ya michezo yaendelee angalau miaka miwili baada ya kuondoka, ushauri wa kazi na elimu ya pesa na afya ya akili vitolewe. Na aliyekuwa na ufadhili kamili akiondoka bila digrii, anaweza kusaidiwa kurudi kuimaliza hadi miaka kumi baadaye. Hii ya mwisho nataka mwambie kaka zenu walio nyumbani waliokatisha. Wako wengi Kapsabet na Eldoret, wanaona aibu, hawajui kwamba mlango huenda haujafungwa. Lakini hiyo ni Division I. Vyuo vidogo, soma barua yako mstari kwa mstari. Na ukiumia, usipunguze masomo kimya kimya. Pata ruhusa kwanza, la sivyo viza inakufa kabla mfupa haujapona.

Kuhusu kichwa nitasema kidogo, maana kwetu tukisema mshauri wa akili watu wanafikiri umerukwa. Mkimbiaji wetu Henry Rono mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Nne! Kisha pombe ikamshinda, akaishi miaka mingi kwa tabu hapa hapa Marekani, na alilisema mwenyewe bila kuficha. Alifariki Februari 2024. Siku zile ofisi kama yangu hazikuwako. Leo ziko, na mtoto wa Kikenya ndiye wa mwisho kubisha hodi. Anakaa chumbani na jeraha, anapika ugali, anaambia nyumbani mazoezi yanaendelea vizuri.

Na hapo nina neno na wazazi. Mama, baba, shikamooni. Mkipiga simu Jumamosi, swali la kwanza ni "umekuwa namba ngapi?" Naelewa. Mlifanya harambee ya tiketi, mzee wa kanisa alichanga, anauliza. Mimi niliulizwa na jirani mbele ya watu kwenye mazishi kama pesa za harambee yake "zilipotea". Nilikuwa nimevaa kofia ya kuhitimu wiki chache kabla. Muulizeni mtoto anasomea nini, na kozi hiyo itamruhusu kufanya kazi gani. Akisitasita kujibu, mwambieni aende kuonana na watu wa ofisi yao.

Mwisho, mawakala. Aliyenitafutia nafasi mimi alitaka sehemu ya ufadhili wangu, nyumbani wakauza ng'ombe. Kumbe sheria za NCAA haziruhusu wakala alipwe kwa asilimia ya ufadhili, na inaweza kukuharibia ruhusa ya kushindana. Ada maalumu iliyotajwa mapema ni jambo jingine. Simtaji, ananijua, na huenda anaangalia.

Haya yote ni ya kwangu. Kuna waliosoma kozi nyepesi wakatajirika kwa mbio, hongera zao. Kuna waliosoma uhandisi na wanaendesha malori. Mimi nawaambia nilichokiona nikiwa kwenye basi, na ninachokiona sasa nikiwa upande wa pili wa meza.

Kama una barua ya chuo na huielewi, usinitumie pasipoti yako kwenye ujumbe, tafadhali, mnanitisha. Andika swali hapo chini, futa jina la chuo na lako, nitajibu ninayoyaweza Jumapili. Silipishi. Anayewaambia nalipisha, si mimi.