Raba inachomoka kisigino? Tumia lile tundu la mwisho

Haya wadau wangu wa mbio, karibuni tena hapa barazani, leo sina mambo mengi, ni raba moja, kamba moja na matundu mawili tu. Dogo shusha simu bwana, usinichukue mimi, sura yangu wanaijua, chukua raba. Hapo. Hapo hapo tulia.

Mnaliona hili tundu? Hili la juu kabisa, limejitenga kidogo na wenzake, limerudi nyuma upande wa kifundo cha mguu. Raba nyingi sana za kukimbilia zinalo, na wateja wangu karibu wote wanaliacha tupu, wanadhani ni pambo. Mimi nauza raba za mtumba huu mwaka wa sita, na swali ninaloulizwa kila wiki ni hili, mbona kisigino kinachomoka? Mtu anarudi na raba mkononi anataka nimbadilishie nimpe namba ndogo. Namwambia kaa hapo kwenye benchi kwanza. Namfungia kamba kwa kutumia hili tundu, namwambia nenda hadi kwenye genge pale urudi, anaenda, anarudi anacheka, anaondoka na raba ile ile. Na ile ndogo aliyoitaka ingemtoa kucha, nawaambia kweli.

Kucha nazijua. Mara yangu ya kwanza kukimbia nusu marathoni kule Moshi, ile ya Kilimanjaro, kupanda kuelekea Mweka nilipanda vizuri tu, nikajua kazi imeisha. Kumbe kazi ni kushuka. Kwenye mteremko mguu unasukumwa mbele ndani ya raba, kidole kikubwa kinagonga ukuta wa mbele, ga ga ga, kila hatua, kilomita baada ya kilomita, na mimi kamba nilikuwa nimeifunga kawaida, imelegea juu. Naingia uwanja wa Ushirika vidole vinawaka moto, kuvua soksi kucha mbili nyeusi. Zilikaa miezi ndio zikadondoka. Ndio maana hii video naifanya kwa roho moja, sitaki mtu aende Moshi akarudi na kucha nyeusi wakati dawa yake iko pale pale kwenye raba, bure.

Tuanze. Namba ya raba napita haraka. Usiangalie 42 wala 8, hizo zinabadilika kampuni na kampuni. Kunjua ulimi wa raba, ndani kuna kilebo, kimeandikwa US, UK, EUR halafu CM, wewe shika hiyo CM. Mguu wako upime jioni ukiwa umesimama maana mchana kutwa unavimba, hasa na hili joto la Dar. Ukivaa, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Basi.

Ya mtumba bonyeza sponji hapa pembeni, juu ya soli, kwa dole gumba. Ikibonyea na kurudi, sawa. Ikiwa ngumu kama sabuni ya mche na ina mistari mistari ya kujikunja, hiyo imekufa hata kama juu inang'aa, kuna watu wanazifua hadi zinameta. Kwa kawaida raba ya kukimbilia inahesabiwa kilomita 500 hadi 800 hivi, na hujui aliyeivaa kabla yako alikula ngapi. Huwa nazibonyeza moja moja kabla sijazipanga, lakini wewe bonyeza popote utakaponunua, usione aibu.

Sasa kamba. Fungeni msalaba msalaba kama kawaida kutoka chini kupanda, hii sioneshi, mnajua. Ila mnaishia wapi? Mnaishia tundu la pili kutoka juu. La mwisho bado liko wazi. Kamba zote mbili zimetokeza kwa nje, moja kushoto moja kulia. Dogo sogea karibu. Karibu zaidi, wanaona kivuli cha mkono tu. Haya.

Hapa sikilizeni vizuri. Kamba ya kulia usiivushe kwenda ng'ambo. Ipandishe upande wake huo huo wa kulia, iingize kwenye tundu la mwisho kutoka nje kwenda ndani. Usiivute ikaisha! Acha kitanzi hapa kwa nje, kati ya tundu na tundu, kitanzi cha kuingia kidole cha shahada. Kidole changu kinaingia mnaona? Sasa upande wa kushoto nao hivyo hivyo, panda, ingiza ndani, acha kitanzi. Raba sasa ina masikio mawili madogo pembeni.

Narudia kwa sababu hapa ndipo watu wote wanapoharibu, na mimi nimeharibu hapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: USIVUTE BADO. Mkono una mazoea, ukishaingiza kamba kwenye tundu la mwisho mkono wenyewe unataka kuvuta. Ukivuta tu, tundu linameza kitanzi, kinapotea, unaanza upya. Ukiwa nyumbani umekaa sio tatizo, ila ukiwa kwenye mstari wa kuanzia saa kumi na mbili na nusu alfajiri, giza giza, watu wanakusukuma mgongoni, mikono inatetemeka, utalia. Kwa hiyo kidole kimoja kikae ndani ya kitanzi muda wote, kinakilinda, mkono mwingine unafanya kazi.

Sasa ncha ya kulia, iko ndani huku upande wa ulimi, ivushe juu ya ulimi kwenda kushoto, ipenyeze kwenye kitanzi cha kushoto, kutoka ndani kwenda nje. Halafu ncha ya kushoto ivushe kwenda... ngoja. Ngoja dogo, endelea kurekodi tu. Mnaona hii ncha imefumuka? Kile kiplastiki cha kwenye ncha kimetoka, kamba imekuwa kama ufagio, haipenyi. Hii mtakutana nayo sana kwenye mtumba. Kuna solotepu hapo ndani, kwenye droo ya cherehani, kamwambie mama. Basi niendelee na simu nimeisimamisha kwenye kikombe, samahani picha imelala kidogo.

Haya solotepu imefika. Unakata kipande cha kama sentimita mbili, unalaza ncha pembeni mwa solotepu, unaizungusha kwa vidole viwili inabana kama unavyozungusha utambi, halafu mkasi, unakata mshazari ili iwe kali mbele. Kuna wanaochoma kwa kiberiti, kama kamba ni nailoni inayeyuka na kushika, ila inaunguza vidole na ukichelewa inakuwa na kichwa kikubwa haipiti tena tunduni. Mimi solotepu. Kamba mpya ninazo pia, za bapa, sentimita 120, zinatosha raba ya matundu sita hadi saba kila upande na mtindo huu maana unakula kamba zaidi. Chukueni bapa, za duara zinateleza, zinafumuka zenyewe.

Tulikuwa wapi? Ya kushoto. Kitanzi changu bado kipo, mmeona, kidole hakijatoka humo hata nilipokuwa nahangaika na solotepu, huo ndio ulinzi. Ncha ya kushoto juu ya ulimi, kwenye kitanzi cha kulia, ndani kwenda nje. Tayari, zimepishana.

Hii ya mezani ilikuwa ya kuonesha. Sasa vaa raba mguuni. Kabla ya kukaza chochote gonga kisigino chini, ti, ti, nyanyua vidole juu, kisigino kirudi nyuma kabisa kikae kwenye kiti chake. Mguu ukiwa umekaa mbele hata ukaze vipi utakuwa umefungia kosa ndani.

Kukaza, angalia mikono yangu. Sivuti kwenda juu. Navuta kwenda chini na nyuma, kama naelekeza kamba kwenye kisigino, zote mbili kwa pamoja. Umeona vitanzi vinavyojibana? Na shingo ya raba imekumbatia mguu hapa nyuma. Ukivuta kwenda juu kama ulivyozoea, vitanzi vinabaki vimelegea na kazi yote bure. Chini na nyuma. Chini na nyuma.

Na msipitilize! Mwaka mmoja nilikaza kwa hasira, nilikuwa sitaki kabisa kusikia habari za kisigino, kilomita ya tano juu ya mguu pakaanza ganzi, vidole sivisikii, na kesho yake kano za hapa mbele ya kifundo zinauma nikikunja mguu. Kipimo changu, kidole kimoja kipite chini ya kamba hapa juu kwa kubanwa banwa kidogo. Kikigoma kupita, legeza. Na mguu unavimba ukikimbia, kwa hiyo hicho kibano cha nyumbani kitaongezeka chenyewe njiani. Mwenye mguu uliopanda juu huku, aruke msalaba mmoja wa katikati, kamba ipande wima upande wake bila kuvuka, ule mfupa utapumua.

Fundo sasa, na hapa watu wazima wengi tumefundishwa vibaya toka utotoni. Funga kama unavyofunga siku zote, halafu tazama masikio ya fundo yamelala vipi. Yakilala kukatisha mguu, kushoto na kulia, fundo zuri. Yakijipinda yakaelekea moja kwenye vidole moja kwenye ugoko, hilo ni fundo dhaifu, litafumuka. Dawa yake usibadilishe kila kitu, badilisha pale mwanzo tu, kama huwa unaanza kwa kuweka ya kulia juu ya kushoto, leo anza kushoto juu ya kulia, kitanzi cha pili endelea kama ulivyozoea. Siku tatu nne mkono utagoma kisha utazoea.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley walilipima hili jambo, wakatoa majibu mwaka 2017. Mguu ukipiga chini, kishindo chake kinafika kama mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia, fundo linatikisika linalegea, halafu mguu ukiruka mbele zile ncha zinapepea zinalivuta, na ikianza kufumuka haichukui hatua nyingi, imekwisha. Kwa hiyo sio uzembe wako, ni kishindo. Ncha ndefu zichomekeni chini ya misalaba zisipepee.

Na msiniambie kusimama sekunde 20 kufunga kamba si kitu. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu pale Tokyo, Septemba 2025, marathoni ya dunia, kilomita 42 zote, yeye na Mjerumani Amanal Petros wameingia pamoja, wote wameandikiwa saa 2:09:48, kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Sifuri nukta sifuri tatu! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania mashindano ya dunia. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kugonga akidhani kuna msiba. Sisi wa joging hatugombei dhahabu, ila ukiwa unaitafuta saa mbili na dakika 10 ya nusu marathoni uliyoililia mwaka mzima, sekunde 20 unazijua zinavyouma.

Jaribio. Usiende nayo mashindanoni moja kwa moja. Shuka ngazi kwanza, kama una ngazi nyumbani au ofisini, shuka mara tano kwa haraka, kidole kikigusa mbele kaza kidogo, chini na nyuma. Halafu kakimbie kilomita tatu taratibu, simama njiani mara moja tu ulegeze au ukaze. Mimi huwa naenda Kimara kwa sababu ya vilima, kule ukishuka raba inasema ukweli wote. Ufukweni Coco ni tambarare, utafurahi bure. Wa Arusha na Moshi nyie hamna shida, miteremko iko mlangoni.

Ukirudi vua soksi uangalie. Nyuma ya kisigino pakiwa na wekundu bado kinacheza. Juu ya mguu pakiwa na alama ya kamba iliyozama, umekaza sana, kesho legeza hilo tundu la mwisho peke yake, hayo mengine usiyaguse. Pande zote zikiwa safi na bado kucha inauma, hapo sasa ndio raba ni ndogo kweli, njoo tubadilishe.

Dogo anaonesha chaji asilimia nne. Raba ya kushoto nafunga bila kuongea, muone mikono tu, ikizima ikizima. Kidole ndani ya kitanzi. Mnakiona? Hakitoki.