Kumpoza kichanga ili mshipa wake ushonwe

Mama mmoja amenivuta pembeni kabla hatujaanza, akaniuliza: "Daktari, kwani mtoto huwa anakufa kwanza?" Hafi, mama. Ila ungeingia ukakuta moyo umesimama, mashine imezimwa na damu haitembei mwilini, ungeapa amekufa.

Hufanyika hivyo hasa kasoro ikiwa kwenye mshipa mkuu, pale unapopinda baada ya kutoka moyoni. Kichanga ana kilo tatu, mshipa wenyewe mwembamba, damu inafunika kila kitu. Mpasuaji haoni anachoshona. Basi damu inapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, inapozwa, inarudishwa mwilini, pole pole, dakika 20 au zaidi, mpaka mtoto afike kama nyuzi 18. Kichwa kinazungushiwa barafu, kisha mashine inazimwa, damu inasimama, na mpasuaji anashona. Nyuzi 18, jamani! Ziwa letu hili la Tanganyika, hata maji ya kilindini kabisa, ni kama nyuzi 23.

Ubongo wenye joto la kawaida ukikosa damu dakika nne, tano, unaanza kuharibika. Ukipozwa hivyo, haja yake ya oksijeni hushuka sana, na mpasuaji anapata kama nusu saa.

Mwaka 1952 huko Minnesota, Marekani, mpasuaji John Lewis alimpoza binti wa miaka mitano, kwa kiasi tu, akaziba tundu la moyo kwa dakika tano na ushee, bila mashine yoyote. Baridi kali kwa vichanga ilikuja kupata nguvu baadaye, kwa kazi ya mpasuaji Barratt-Boyes wa New Zealand.

Lakini nusu saa hiyo si ya kuringia. Madaktari wa Boston, Marekani, waliwafuatilia watoto 171 waliopasuliwa moyo wakiwa vichanga: waliosimamishiwa damu walipata degedege zaidi kuliko walioendelea kupitishiwa damu kidogo kidogo. Walipofika miaka minane, waliovuka dakika 41 hivi ndio walioanza kubaki nyuma. Ndiyo maana siku hizi wapasuaji wengi hupitisha damu kwenye ubongo peke yake huku mwili mwingine ukisubiri. Mimi naona wamefanya vyema. Na kupasha joto tena nako hakutaki papara. Ubongo ukizidishiwa joto wakati huo unaumia upya.

Sasa wauguzi wa hospitali yetu ya Maweni, Kigoma, mtoto akirudi kutoka Dar es Salaam, msitazame kovu tu. Someni barua: damu ilisimama dakika ngapi? Halafu kila kliniki muulizeni mama: anakaa? Anatambaa? Ameanza kutamka?