Mkono Unaokumbuka Magurudumu Mawili

MPWA: Mwangaluka wasikilizaji, karibuni tena. Leo tunarekodi nje, nyuma ya nyumba hapa Buhongwa, Mwanza, chini ya mwembe, kwa hiyo kuku mtawasikia na bodaboda mtazisikia. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mama. Karibuni wote.

MPWA: Mbele yetu imesimama Mafiga. Kwa anayejiunga leo, Mafiga ni pikipiki ya injini ya cc 150, ile ile ambayo mjomba ameiendesha miaka tisa. Mbele bado ni pikipiki. Nyuma ina ekseli na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ya toyo la zamani, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lile la kuvutwa na cheni, na matairi mawili ya inchi 12. Fremu ya nyuma tumeikata na kuichomelea hapa hapa. Jina tulilipa kwa sababu inakaa juu ya vitu vitatu, kama chungu jikoni.

MJOMBA: Na niliijenga kwa sababu ya goti. Goti langu la kushoto haliwezi tena kubeba pikipiki iliyosimama kwenye mlima. Ukiwa kwenye foleni pale Mabatini, mguu mmoja chini, mzigo nyuma, goti linatetemeka, unajua kabisa kwamba siku moja litakataa. Kuuza pikipiki sikutaka. Nikasema nitaiongezea gurudumu.

MPWA: Ukadhani kuendesha unakujua tayari.

MJOMBA: Nilidhani hivyo, na nataka tuanzie hapo, maana kuna mtu anatusikiliza sasa hivi ana grainda mkononi na ndoto kama yangu. Siku ya kwanza tuliipeleka uwanja wa mpira, asubuhi, hakuna mtu. Gia ya kwanza, ya pili, inakwenda vizuri. Nikafika karibu na goli, nikataka kukata kulia. Mkono wangu ukafanya kile unachofanya miaka yote. Mpwa, eleza wewe mkono unafanya nini, umelisoma vizuri kuliko mimi.

MPWA: Kwenye pikipiki ya magurudumu mawili, ukishakuwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kulia unausukuma mbele mkono wa kulia. Gurudumu linageukia kushoto kidogo sana, pikipiki inalalia kulia, na ule ulalo ndio unaoizungusha. Waendeshaji wengi hawajui kama wanafanya hivyo. Muulize bodaboda yeyote, atakwambia "nalala tu". Lakini mkono wake unasukuma.

MJOMBA: Wangu ukasukuma. Mafiga haina pa kulala, ekseli imeishika. Gurudumu likageuka kushoto, na mashine nzima ikaenda kushoto, moja kwa moja kwenye lile jiwe kubwa la pembeni ya uwanja. Na mimi, kila nilivyoona inakwenda kushoto, nikazidi kusukuma kulia! Mwili unasema ongeza, na kuongeza ndiko kunakokupeleka kwenye jiwe.

MPWA: Nilikuwa nimesimama mita kumi hivi. Nilipiga kelele "achia!"

MJOMBA: Ulinisaidia. Nilifunga breki, tukasimama jiwe liko hatua mbili. Sikuumia. Lakini nilikaa pale juu ya kiti muda mrefu, injini imezimika, nikaelewa kwamba nina miaka tisa ya kujifunza ambayo lazima niiondoe mwilini kwanza.

MPWA: Uliiondoaje?

MJOMBA: Polepole mno. Wiki mbili sikuingia barabarani. Ndoo sita za rangi uwanjani, nazizunguka nane-nane, gia ya kwanza tu. Nilikuwa nasema kwa sauti, nikitaka kwenda kulia: mkono wa kulia navuta, wa kushoto nasukuma. Unageuza kama toroli, basi. Ukisikia kasi imezidi, achia mafuta, usipigane nayo. Na mwili nao una kazi mpya. Kwenye pikipiki unalala pamoja nayo. Hapa yenyewe inabaki wima, inakutupa nje, kwa hiyo wewe ndiye unayeinamia ndani ya kona, bega lako lifuate mkono wa ndani.

MPWA: Na miguu?

MJOMBA: Hili naomba mlisikie vizuri. Ukisimama, usishushe mguu. Mwili utataka. Ukishusha mguu mashine ikiwa bado inatembea, tairi la nyuma lipo pale pale nyuma ya kisigino chako, linakuja. Langu lilipanda juu ya soli ya buti, likanibana kifundo. Nilikuwa na buti ngumu, nikapona. Mwenye kandambili asingepona hivyo. Miguu inakaa juu ya vikanyagio mpaka gurudumu zote tatu zimetulia.

MPWA: Sasa tuje kwenye ugomvi wetu.

MJOMBA: Ule wa ekseli?

MPWA: Huo. Wasikilizaji, baada ya ndoo zile tuligundua kwamba kwenye kona kali tairi la ndani linakuwa jepesi. Unaliona linapapasa vumbi. Mimi nikasema tupanue ekseli. Mjomba akasema tushushe uzito. Tukabishana siku tatu, chakula cha usiku kinapoa.

MJOMBA: Shangazi yako alichukia kweli.

MPWA: Nikaamua nipige hesabu. Fikirieni mafiga ya jikoni. Chungu kikianguka, huanguka kupitia ule uwazi kati ya figa na figa. Mafiga yetu ni moja mbele na mawili nyuma. Kwa hiyo kwenye kona mashine haipinduki kuelekea pembeni moja kwa moja, inapindukia kwenye mstari unaotoka gurudumu la mbele kwenda gurudumu la nyuma la nje. Mstari huo umekaa mshazari. Kadiri uzito unavyosogea mbele ndivyo unavyoukaribia mstari, na ndivyo inavyopinduka kirahisi. Upana wote wa ekseli hautumiki, unatumia sehemu yake tu.

MJOMBA: Ndiyo maana ulinipeleka Mwaloni.

MPWA: Ndiyo. Nilihitaji kujua uzito umekaa wapi. Pale Kirumba, soko la Mwaloni, kuna zile mizani za chini wanazopimia magunia ya dagaa. Tuliomba ruhusa jioni, watu wamepungua. Ukipima gurudumu moja, yale mengine mawili lazima yainuliwe kwa mbao zenye kimo sawa na mizani, la sivyo mashine inainama na hesabu inakudanganya. Mjomba amekaa juu, amevaa helmeti, mikono kwenye usukani kama anaendesha. Mbele tukapata kilo 84. Nyuma kulia 82, nyuma kushoto 86. Jumla 252.

MJOMBA: Wale kinamama wa dagaa waliacha kazi wakaja kushuhudia. Mmoja aliisoma mizani kabla yako.

MPWA: Alisoma kweli, na kwa usahihi! Sasa 84 ni theluthi kamili ya 252. Maana yake kitovu cha uzito kipo theluthi ya urefu, kuhesabu kutoka ekseli ya nyuma kwenda mbele. Upana kati ya matairi ulikuwa sentimita 110, nusu yake 55, na kwa sababu ya ule mshazari unatumia theluthi mbili tu, karibu 37. Kimo cha uzito nilikikadiria 60. Kwenye mzunguko wenye nusu kipenyo cha mita 10, mashine hiyo inaanza kuinua tairi kwenye kilomita 28 kwa saa hivi.

MJOMBA: Kilomita 28! Kwenye pikipiki hiyo ni kasi ya kutafutia nyumba ya mtu.

MPWA: Nikapanua ekseli kwenye karatasi, sentimita 20 nzima. Ikapanda hadi 30. Nikafuta, nikashusha uzito wote sentimita 10, upana nikauacha. Ikapanda hadi 30 vilevile. Sentimita 10 za kushuka zinafanya kazi ya sentimita 20 za kupanuka.

MJOMBA: Nilifurahi sana usiku ule.

MPWA: Lakini kushusha uzito wote sentimita 10 ni kazi kubwa. Kiti kilishuka 14, na mwendeshaji ni chini ya theluthi moja ya uzito wote. Tukahamisha betri na boksi la spana chini ya fremu. Nakadiria jumla tumeshusha 5. Ekseli tukaiongeza 10, tukaishia 120, kwa sababu zaidi ya hapo haipiti kwenye uchochoro wetu. Nusu yako, nusu yangu.

MJOMBA: Na kasi?

MPWA: Ile ile 30 na kidogo. Kwa hiyo msikilizaji asidhani vyuma vitamwokoa kwenye kona. Tumeongeza kilomita mbili tu. Kinachookoa ni kupunguza mwendo kabla ya kona, kabla kabisa, maana ukifunga breki ukiwa ndani ya kona uzito unakimbilia mbele, na tumeshasema mbele ndiko kwenye nafasi finyu.

MJOMBA: Tuongelee usukani. Mikono yangu ilikuwa inakufa. Kutoka hapa mpaka Usagara, si mbali, nilifika mabega yanawaka.

MPWA: Hapo kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni barabara yenyewe. Lami imeinuliwa katikati ili maji yatiririke, nasi tunapita kushoto, kwa hiyo siku zote unaendesha ubavuni mwa mteremko. Pikipiki hailisikii hilo. Magurudumu matatu yanalisikia kila mita, yanavutwa kushoto. La pili ni foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Chukua mstari unaopita katikati ya shingo ya usukani, ushushe mpaka ardhini, tia alama ya chaki. Halafu ning'iniza timazi kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele, tia alama nyingine. Kwetu umbali kati ya alama hizo ulikuwa sentimita 10. Kwa pikipiki ni nzuri, ndiyo inayoinyoosha yenyewe. Kwa magurudumu matatu ni mzigo, kila kona unapigana na gurudumu linalotaka kurudi katikati.

MJOMBA: Tukaisogeza foki mbele sentimita 4.

MPWA: Kwa vishikio vipya, vile vya juu na vya chini vinavyoibana foki. Hivyo hatukuvichomelea. Tulivichongesha kwa fundi wa mashine kutoka kwenye chuma kizima. Narudia, kishikio cha foki hakichomelewi nyumbani. Fremu ya nyuma ikipasuka utaburuta. Kile kikipasuka hutakuwa na gurudumu la mbele.

MJOMBA: Usukani ukawa mwepesi, ila kwenye kilomita 20 hivi ukaanza kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia, kama kichwa cha mbuzi anayekataa kamba. Tukafunga shokapu ndogo ya usukani, ukatulia.

MPWA: Breki je?

MJOMBA: Kanyagio moja inavuta breki za nyuma zote mbili. Mwanzoni kushoto ilishika kwanza, mashine inageuka yenyewe. Sasa fimbo zote mbili zimefungwa kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia katikati, kama mzega wa muuza maji. Upande mmoja ukikaza, unausubiri mwingine. Jambo dogo, limenipa usingizi.

MPWA: Matairi haya yametengenezwa kubeba mizigo mizito, sisi tunayabebesha kilo 80 na kitu kila moja. Upepo wa toyo ulikuwa unaturusha kwenye kila kijiwe. Nilichora mstari wa chaki kukatiza tairi, nikasukuma mashine mzunguko mmoja, chaki ikafutika katikati tu, pembeni imebaki. Nikatoa upepo, nikachora tena. Ilipofutika sawasawa geji ilisoma psi 18.

MJOMBA: Kabureta tuliigusa kidogo. Tulihamisha chujio la hewa, plagi ikawa nyeusi ya masizi. Tukashusha sindano ya kabureta hatua moja ili mafuta yapungue, nikapanda nayo mlima wa Bugando, nikaizima juu pale pale, nikafungua plagi. Rangi ya kahawia, kama udongo wa chungu. Sikuendelea. Injini inayovuta uzito huu haitaki kunyimwa mafuta, itaungua. Na sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ilitoka meno 37 kwenda 42, ikapata nguvu ya mlima.

MPWA: Imebaki ile ya Mafiga kutembea upande.

MJOMBA: Kama kaa! Fundi aliyekuwa nyuma yangu Nyegezi ndiye aliyeniambia.

MPWA: Jana usiku tulifunga uzi kutoka katikati ya shingo ya usukani mpaka ncha ya kila upande wa ekseli. Kulia ulizidi sentimita moja na nusu. Tumelegeza bolti, tumegonga, tumepima mara nne. Sasa pande zote zinalingana, na cheni imenyooka.

MJOMBA: Bado haijajaribiwa. Na leo sitaijaribu mimi.

MPWA: Mjomba?

MJOMBA: Umeipima, umeipigia hesabu, umeilalia chini mpaka nywele zimejaa grisi. Hujaiendesha hata mara moja. Ndoo ziko uwanjani, nimezipanga alfajiri. Helmeti ile pale kwenye kiti. Wewe una bahati, pikipiki hujawahi kuendesha, mkono wako hauna cha kusahau.

MPWA: Wasikilizaji, mikono inanitetemeka. Ngoja nivae buti.

MJOMBA: Vaa. Miguu?

MPWA: Haishuki.

MJOMBA: Unataka kwenda kulia?

MPWA: Kulia navuta, kushoto nasukuma.

MJOMBA: Washa.